Gradle ikizimika bila kuaga

Makosa mengi ya kujenga programu yana adabu: yanataja faili, mstari na sababu. Ya kuandika leo ni yale yasiyoaga. Gradle, zana ya kujenga programu za Java na Android, imeshakula dakika sita, mara terminali inasema demoni yake (mchakato wake wa nyuma ya pazia) "disappeared unexpectedly", basi. Hakuna hata mstari mmoja wa msimbo wa Kotlin wa kulaumu.

Wengi hapo hukimbilia faili la gradle.properties na kupandisha -Xmx, kikomo cha hipu (kumbukumbu ya Java), kutoka 2g hadi 4g. Kwenye mashine ya GB 8, huko mara nyingi ni kumwagia moto petroli. Njaa ziko mbili. Ya kwanza ni ya Java yenyewe: huandika OutOfMemoryError, "Java heap space", na hapo kweli -Xmx ni ndogo. Ya pili ni ya mashine nzima. RAM imekwisha, swap (sehemu ya diski inayoisaidia RAM) imekwisha, na keneli ya Linux, kiini cha mfumo, inatafuta mchakato wa kuua ili mfumo usigande. Kwa kawaida humwangukia mlaji mkubwa kuliko wote, yaani Java. Inapigwa SIGKILL, ishara namba 9, ambayo haitoi nafasi ya kuandika neno lolote. Ndiyo maana logi ni tupu, na ndani ya kontena unaona msimbo wa kutoka 137, yaani 128 jumlisha 9.

Muulize keneli:

sudo dmesg -T | grep -i "killed process"

Ukiona java, soma anon-rss kwenye mstari huohuo: ndizo kilobaiti za RAM ilizokuwa imezishika. Kukiwa kimya, bado. Ubuntu ya mezani tangu 22.04 na Fedora tangu 34 zina systemd-oomd, huduma inayowahi kabla ya keneli na kuua kundi zima la michakato. Ndiyo maana wakati mwingine terminali yenyewe hutoweka. Hiyo isome kwa journalctl -u systemd-oomd.

Sasa hesabu. -Xmx inabana hipu tu. Juu yake kuna metaspace (taarifa za klasi), staki za nyuzi (threads) na msimbo uliokompailiwa. Tena Kotlin ina demoni yake, inayorithi jvmargs za Gradle usipoiwekea zake. Kwa hiyo 4g yako ni ruhusa ya GB 8, kabla hujahesabu Android Studio na brauza. Kwa mashine hiyo anzia hapa:

org.gradle.jvmargs=-Xmx2g -XX:MaxMetaspaceSize=512m
kotlin.daemon.jvmargs=-Xmx1g
org.gradle.workers.max=2

Kisha ./gradlew --stop. Usiiruke: jvmargs zikibadilika Gradle huwasha demoni mpya, na ya zamani inaweza kuendelea kukalia RAM bila kazi kwa saa 3. Swap ya GB 4 husaidia kumeza kilele cha ghafla, lakini bildi inayoishi ndani ya swap itakuzeesha.

Kwa C++ ni yaleyale, ila anayekufa ni cc1plus, kompaila ya C++ ya gcc. Amri make -j bila namba haina kikomo cha kazi. Andika make -j2.

Ukikuta faili la hs_err_pid kwenye folda ya mradi, hiyo ni kesi nyingine. Mara nyingi JVM, mashine inayoendesha Java, imeanguka yenyewe. Tafuta "Problematic frame" ujue ni maktaba ipi. Na gcc ikitoa segmentation fault leo kwenye faili hili, ukirudia ikaangukia lile, acha kulaumu msimbo. Washa memtest86+ usiku kucha, upime vijiti vya RAM kimoja kimoja.