Usijidhuru, Kwa Maana Sisi Sote Tupo Hapa

Tumsifu Yesu Kristo, ndugu wapendwa.

Wiki hii nimesali kwa shida. Katika jumuiya yetu tumemzika kijana aliyejitoa uhai, na mama yake kila tunapoonana ananiuliza swali lile lile: mwanangu yuko wapi sasa? Wapo waliokwisha kumjibu, tena pale pale msibani, na kwa ukali. Hukumu ile hawakuitoa katika mafundisho ya Kanisa. Katekisimu ya Kanisa Katoliki, namba 2280 hadi 2283, inafundisha kwamba uhai ni mali ya Mungu na si wetu kuukatisha, lakini inafundisha pia kwamba maradhi mazito ya akili, hofu na mateso makali huweza kupunguza wajibu wa mtu, kwamba tusikate tamaa juu ya wokovu wake, na kwamba Kanisa linamwombea. Sheria ya Kanisa ya mwaka 1917 iliwanyima maziko ya Kikanisa waliojiua kwa kukusudia. Ile ya mwaka 1983 haina tena katazo hilo. Basi mama huyu na afarijiwe, na wenye ndimi kali wanyamaze.

Hata hivyo, linalonilemea zaidi ni walio hai. Shirika la Afya Duniani linatuambia kwamba kila mwaka watu zaidi ya 700,000 hufa kwa kujiua, na kwamba mwaka 2021 kujiua kulikuwa sababu ya tatu ya vifo vya vijana wa miaka 15 hadi 29. Ndani ya hesabu hiyo wamo wana wetu: waliofeli mtihani, wanaodaiwa mikopo ya simu, walioonewa nyumbani kwa siri, na walioingiwa na sonona bila hata wao wenyewe kujua kwamba ni ugonjwa.

Nimerudi mara nyingi wiki hii kwenye Matendo ya Mitume, sura ya 16. Paulo na Sila wamepigwa bakora, miguu yao imefungwa kwa mkatale, na tetemeko limefungua milango yote ya gereza. Mlinzi anaamka, anadhani wafungwa wamekimbia, na papo hapo anataka kujiua. Ndipo Paulo anapaza sauti kwa nguvu: “Usijidhuru, kwa maana sisi sote tupo hapa.”

Tazameni, ndugu zangu, kitu gani kilitangulia. Paulo hakumuuliza mlinzi kama ana imani, wala hakumtajia dhambi yake, ingawa migongo yao yeye na Sila ilikuwa ingali na majeraha. Alipaza sauti kwanza, akamhakikishia kwamba hayuko peke yake, na kwa neno hilo akaivunja ile hofu yenyewe iliyokuwa ikimsukuma kufa. Swali la wokovu mlinzi alilileta mwenyewe baadaye, akiwa amekwisha kuagiza taa. Na usiku ule ule, mtu aliyekuwa amekata tamaa kabisa anawaosha wafungwa majeraha yao, anawaandalia chakula nyumbani kwake, anafurahi pamoja na jamaa yake yote! Wahudumu wa afya ya akili nao wanatuambia kwamba msukumo wa kujiua mara nyingi hupanda kwa kasi na kisha hupungua, na ndiyo maana kukaa na mtu katika saa ile mbaya, na kuziweka dawa na sumu mbali naye, huokoa maisha.

Sisi tunafanya kinyume. Kijana akisema amechoka kuishi, tunamwambia ana pepo, au anadeka, au kwamba wazee wake walipitia makubwa kuliko hayo. Binti akionekana na makovu aliyojikata mwenyewe, habari zake zinazunguka kwaya nzima kabla mtu mmoja hajaketi naye. Wazazi, walezi wa vijana, viongozi wa jumuiya, nawasihi kwa machozi, tuache! Eliya naye aliomba afe, naye alikuwa nabii. Bwana hakumkemea, alimwacha alale, akamtuma malaika na mkate na maji, akamlisha tena mara ya pili, na mazungumzo yakafuata baadaye sana, mlimani Horebu. Nchini Tanzania, kifungu cha 217 cha Kanuni ya Adhabu kinahesabu kujaribu kujiua kuwa kosa la jinai. Kwa Kenya, Mahakama Kuu ilikitangaza kifungu cha namna hiyo, cha 226, kuwa kinyume cha Katiba mnamo Januari 2025. Mtu anayeogopa polisi na kuogopa kanisa pia atamwambia nani?

Mkimwona kijana amejitenga, anagawa vitu vyake, anaaga bila safari, muulizeni waziwazi kama anawaza kujiua. Kumuuliza hakumtii wazo hilo kichwani. Mara nyingi humpa nafasi ya kupumua. Msimwahidi kuificha siri hiyo, msimwache peke yake, na mfuatane naye hadi hospitali, kwa kuwa sala na tiba havigombani. Kwa watoto, namba 116 hupigwa bila malipo, Tanzania na Kenya.

Nawe kijana unayesoma haya huku moyo umekuwa mzito, usingoje mpaka upate maneno mazuri. Sema hivi tu: “Nina mawazo ya kujiua, naomba ukae nami.” Mwambie leo shangazi, katekista, mwalimu au rafiki, na wa kwanza asipokuelewa, mwendee wa pili, na wa tatu.