Kabla ya uso wa mzee, soma koti lake

Zile picha za wazee waheshimiwa zilizochorwa kwa rangi ya mafuta, zenye fremu pana, zinazotundikwa sebuleni au ukumbini hapa Moshi: karibu kila mtu huanza kuzisoma usoni. Uso ndio mwongo kuliko vyote, maana mchoraji analipwa aupendezeshe. Anza na koti.

Koti la kiume hufungwa ubavu wa kushoto ukiwa juu ya ule wa kulia, na mfuko mdogo wa kifuani huwa kushoto kwa mvaaji. Kwako unayemtazama, uko kulia. Ukiukuta kushoto, picha imegeuka: mchoraji amenakili fotografia iliyosafishwa huku negativu, yaani ule mkanda wa filamu, ikiwa imewekwa kinyume. Basi usijenge hoja juu ya mkono ulioshika fimbo wala kidole chenye pete. Vyote vimehama.

Koti likiwa sawa, nenda nyuma yake, kwenye mlima Kilimanjaro. Ukiwa Moshi, kusini mwa mlima, kilele cha Kibo kiko kushoto na cha Mawenzi kulia. Mawenzi ikikaa kushoto, mlima huo umetoka kwenye picha iliyopigwa kaskazini, upande wa Amboseli nchini Kenya, hata kama mzee ni wa Marangu, upande huu wa Moshi, na kahawa yake yote iko Marangu. Hapo mandhari ni pambo tu. Usiyasome kama shamba lake.

Macho nayo yana ushahidi. Kitone cheupe kikiwa juu pembeni ya mboni, mwanga ulitoka dirishani au juani. Kikiwa katikati kabisa, ni flashi ya kamera, na ndiyo sababu uso umekuwa bapa kama sahani.

Mavazi yanakupa mwaka wa mapema kabisa, si wa mwisho: suti nzuri huvaliwa miaka thelathini. Mkono uliochomekwa ndani ya kizibao usikupeleke mbio kwa Napoleon, yule mtawala wa Ufaransa anayejulikana kwa kuchorwa hivyo. Uingereza ya karne ya 18 ulikuwa mkao wa kawaida wa muungwana. Na mkono uliofichwa nyuma ya kitabu mara nyingi hauna siri yoyote, ila vidole ni vigumu kuchora.

Mwisho zima taa, mulika tochi ya simu kutoka pembeni, ikiwa karibu kugusa ukuta. Matuta ya brashi yatasimama. Pale ambapo matuta ya chini hayafuati umbo linaloonekana juu, pamerekebishwa. Tazama kiunoni kwanza: kitambi ndicho hupunguzwa.