Gofu Dubai kutoka Malindi, na ule ushauri wa wikendi

Nimerudi juzi na furaha bado haijanitoka. Tulienda watatu, wote gofu tumejifunzia hapa hapa Malindi, na hamu yetu ilikuwa moja tu, kucheza Majlis pale Emirates Golf Club, uwanja uliofunguliwa 1988, wa kwanza wa nyasi wa kimashindano ukanda ule. Kabla yake watu walicheza mchangani, hata grini, pale penye shimo la mpira, ni mchanga uliomwagiwa mafuta ushikane.

Msimu si shida. Kaskazi ikivuma huku ndo kule kuna ubaridi, Novemba hadi Machi, ukienda Julai joto linapita digrii 40.

Kilichoniudhi ni ushauri. Ami yangu mmoja aliyefanya kazi kule miaka mingi alitwambia wikendi yao Ijumaa na Jumamosi, nyinyi chezeni Jumapili, bei iko chini na uwanja mtupu. Tukamwamini, tukakata tiketi za ndege, za bei nafuu zile zisizorudishwa. Kuja kubuku uwanja, Jumapili bei ya wikendi na nafasi iliyobaki ni saa saba ya jua! Kumbe tangu Januari 2022 wikendi yao ni Jumamosi na Jumapili, Ijumaa wanafanya kazi nusu siku. Ami hakusema uongo, ila yeye alisharudi Malindi zamani.

Nikakaa barazani na simu mpaka chaji ikaisha, na nikapata. Kilabu ile ile ina uwanja wa pili, Faldo, una taa, watu wanacheza usiku. Basi Jumapili usiku Faldo, Jumatatu asubuhi Majlis. Wallahi ule usiku! Unapiga, mpira unapanda unapotelea gizani juu ya taa, mnanyamaza wote, mara huo unashuka mweupe kwenye nyasi.

Gharama zote kama laki mbili na kitu kila mtu, na cheti cha handikepu, kile kinachoonyesha kiwango chako cha uchezaji, msisahau.

Fimbo nazo, za kupakia kwenye ndege, chukua mpini wa ufagio uwe mrefu kuliko dreva, ile fimbo ndefu kuliko zote, kwa inchi mbili hivi, chomeka katikati ya begi, vichwa funga na leso. Begi likirushwa kichwa chini, pigo linapokewa na mpini. Mimi nilifunga leso mbili za mke wangu, hakuna kilichokwaruzika. Mwenzetu alisema huo ushamba, akafika dreva imekatika shingo. Siku ya kurudi tulimngoja Deira, mtaa wa Dubai, nusu saa, yuko dukani anachagua ufagio.