Nicodemus, mji uliopitwa na reli

Kwanza kabisa, treni haiendi Nicodemus. Anayetaka kuuona mji huu wa watu weusi katika jimbo la Kansas, Marekani, uliokula na kulala na ndoto ya reli itambidi akodi gari, na mfuko huanza kuvuja hapo hapo. Treni ya abiria inayokatiza jimbo hilo, Southwest Chief ya shirika la Amtrak, hupita kusini zaidi, Newton, Hutchinson, Dodge City, tena usiku wa manane. Nicodemus iko kaskazini-magharibi, katika uwanda wa nyasi ambao siku hizi ni mashamba ya ngano na, la kumfurahisha Mgogo yeyote, mtama. Mtama mfupi, mwekundu, unaovunwa kwa mashine na kuishia zaidi kwenye matumbo ya ng'ombe.

Kampuni niliyokodi kwayo, jina nalihifadhi, ilinitajia bei ya gari kwa siku. Haikunitajia kwamba barabara ya kulipia kati ya Kansas City na Topeka haina tena kibanda cha kutolea fedha. Kamera hupiga namba ya gari, bili humwendea mwenye gari, naye huongeza ada yake ya "huduma" kwa kila siku ya mkataba, hata zile ambazo gari limelala uani. Ada ilizidi tozo. Kabla ya kutia sahihi uliza mambo matatu: ada ya tozo ni kiasi gani, kadi itazuiwa dola ngapi, na bima ipi ni ya lazima. Au ikwepe tozo kabisa kwa kushika barabara namba 24, inayopitia Topeka, Manhattan, Beloit, Osborne na Stockton. Ni ya polepole na ina taa nyingi mijini, lakini haina kamera wala bili, na inapita mlangoni kwa Nicodemus.

Mimi nilishika barabara kuu ya I-70 hadi Ellis, kwa kuwa waanzilishi wa Nicodemus walishukia hapo.

Ellis ni mji wa reli hasa. Reli ya Kansas Pacific, iliyofika Denver mwaka 1870 na baadaye kumezwa na Union Pacific, iliweka hapo karakana na mahali pa kubadilishia wafanyakazi wa treni. Injini ya mvuke haikuweza kwenda mbali bila maji, na wafanyakazi hawakuweza kuendesha bila kupokezana. Kwa hiyo tangi, ghala la makaa na nyumba za mafundi viliota penye nyasi tupu. Walter Chrysler, mwenye jina lile la magari, alikulia Ellis na kujifunza ufundi katika karakana hiyo. Treni za mizigo zingali zikipita, juu ya reli yenye upana wa milimita 1,435, sawa na SGR yetu na si ile ya mita moja ya mkoloni.

Septemba 1877 watu wapatao 300 kutoka Kentucky, weusi, wengi wao waliozaliwa utumwani, waliteremka hapa na mizigo yao. Kipeperushi kilichosambazwa Lexington kiliwaambia kwamba kwa dola 5 wangeweza kwenda Kansas. Kampuni ya mji ilikuwa imeandikishwa Aprili mwaka ule. Miongoni mwa viongozi wake walikuwamo mchungaji mweusi, W. H. Smith, na mzungu, W. R. Hill. Hill alikuwa dalali wa viwanja, na dalali ni dalali: alisifia bonde la mto Solomon bila kutaja kwamba miti ni ile ya kingo za mto tu na kwamba nyumba hakuna. Kutoka Ellis zilibaki kama maili 35, kilomita 56 hivi, bila barabara ya maana. Siku mbili kwa miguu na magari ya farasi.

Willina Hickman, aliyefika majira ya kuchipua ya 1878 na mumewe mchungaji, alisimulia baadaye kwamba aliuliza mji uko wapi, akaonyeshwa moshi ukitoka ardhini. Akalia. Watu walikuwa wakiishi chini ya udongo.

Makazi hayo yana ufundi wake. Unatafuta mteremko, unachimba kwenda ndani, na kama hali ya nchi inaruhusu mlango unauelekeza kusini ili upate jua la baridi na kukwepa upepo wa kaskazini. Kuta tatu ni ardhi yenyewe. Ya nne, ya mbele, inajengwa kwa mawe ya chokaa au mabonge ya udongo yaliyokatwa pamoja na mizizi ya nyasi, maana mizizi ndiyo inayoshika bonge lisimong'onyoke. Gogo moja nene kutoka mtoni linakuwa mgongo wa paa. Juu yake fito, vichaka, nyasi, kisha mabonge tena. Ndani hapagandi wakati wa baridi na hapachomi wakati wa joto. Ubaya wake ni mvua: paa hulowa polepole na kuendelea kudondosha tope hata baada ya mbingu kutakata, na likishiba maji linaweza kumwangukia mtu. Nyoka nao hupenda joto. Kuni ndiyo shida kubwa kuliko zote, kwa hiyo walichoma mabua ya alizeti na samadi kavu.

Walifika Septemba, msimu wa kupanda umeshapita, majembe ya kukokotwa na farasi ni ya kuhesabu. Baadhi ya familia ziligeuza. Waliobaki waliuvuka msimu ule wa baridi kwa msaada, ukiwamo wa Waosage, wenyeji wa asili wa Marekani, waliokuwa wakirudi kutoka mawindoni na kuwagawia chakula, kisha wakaanza kuvunja ardhi kwa sepetu.

Miaka kumi baadaye palikuwa na makanisa, hoteli, shule, na magazeti mawili, Western Cyclone na Nicodemus Enterprise. Edward McCabe, aliyehamia hapo, alichaguliwa mwaka 1882 kuwa mkaguzi wa hesabu wa jimbo zima la Kansas. Kilichokosekana ni stesheni.

Tuifanye hesabu ya mkulima. Gari la farasi hubeba busheli 50 za ngano, karibu kilo 1,360. Likienda maili kumi na kurudi, siku imekwisha. Stesheni ikiwa mbali zaidi, mkulima analala njiani, na anakolala ndiko anakonunua misumari, unga na vitambaa. Duka humfuata mteja, mteja huifuata reli. Kampuni za reli ziliijua hesabu hii, zikaiuza. Mji ulitakiwa kupiga kura ya kukopa kwa hati fungani, na deni lilipwe na kodi ya mashamba. Mwaka 1887 Nicodemus walipiga kura ya kutoa dola 16,000 ili Missouri Pacific ije. Mazungumzo yakavunjika. Union Pacific nayo ikajenga mwaka 1888 ng'ambo ya kusini ya Solomon, maili chache tu kutoka hapo, ukazaliwa mji wa Bogue.

Wenye maduka hawakuhama na bidhaa peke yake. Walihama na majengo. Nyumba ya mbao ya enzi hizo ni nyepesi: unaitia jeki za skrubu pembeni, unaipandisha kidogo kidogo kila kona kwa zamu, maana ukipandisha kona moja haraka fremu inapinda na plasta inapasuka, unapitisha magogo chini, unafunga farasi. Mtaa wa biashara ukavuka mto kwa namna hiyo.

Niliiwaza Bagamoyo. Nayo ilikuwa na bandari ya misafara, na makao makuu ya Wajerumani hadi 1891. Reli ya kati ilipoanza mwaka 1905 ilianzia Dar es Salaam, ikafika Kigoma mwaka 1914 bila kuigusa. Lakini Bagamoyo ilibaki na bahari. Nicodemus ilibaki na wenyewe tu.

Posta ilifungwa mwaka 1953. Serikali ya Marekani iliufanya mji kuwa eneo la kihistoria la taifa mwaka 1996. Yanayotajwa ni majengo matano: ukumbi wa mawe wa 1939, kanisa la Baptist, kanisa la A.M.E. (la Kimethodisti la watu weusi), hoteli ya St. Francis na shule. Kiingilio hakuna. Duka, mgahawa na pampu ya mafuta pia hakuna, kwa hiyo jaza tangi Hill City, maili 12 magharibi, au Stockton, kama maili 20 mashariki, na chukua maji.

Ukiweza kuchagua, nenda mwishoni mwa Julai. Wajukuu na vitukuu hurudi kutoka Denver, Topeka na California kwa sherehe ya ukombozi wa watumwa ambayo watu wa hapa wameifanya tangu 1878, na mji wa watu wachache unajaa mamia. Vyumba Hays na Hill City huwahiwa mapema, na bei hupanda.