Kitabu juu ya meza

Nilikuwa mwaka wa tatu wa fizikia, somo la mekanika (elimu ya mwendo na nguvu zinazousababisha) nimelipata A, mhadhiri aliponiuliza kama ningemsaidia kulifundisha kwa mwaka wa kwanza. Nilikubali kabla hajamaliza kusema. Nilishajiona nimesimama ubaoni na wenzangu wananakili kila ninachoandika.

Kazi yenyewe ilikuwa semina moja kwa wiki ya wanafunzi 24, kuzunguka kwenye makundi wakati wa mhadhara, na kusahihisha sehemu ya mazoezi. Juu ya hayo, kila wiki nilikaa saa nzima na Mwalimu (ndivyo nilivyozoea kumwita) tukipanga yanayokuja na kupitia yaliyopita. Saa hiyo niliiona mzigo. Nipange nini wakati somo nalijua?

Semina ya pili ilinionyesha. Nilichora kitabu kimekaa mezani. Nikaweka mshale wa chini, uzito wa kitabu, na mshale wa juu, msukumo wa meza. Nikasema kwa kujiamini: hizi ni kani mbili, yaani nguvu za kuvuta au kusukuma, zilizo sawa na zenye mielekeo kinyume, basi ni jozi ya kanuni ya tatu ya Newton (kitu kikisukuma kingine, nacho husukumwa kwa nguvu ileile kuelekea upande wa pili). Binti mmoja wa nyuma akanyoosha mkono.

"Dada, samahani. Tukiiweka hiyo meza kwenye lifti, lifti ikianza kupanda, si meza itasukuma kwa nguvu kuliko uzito? Sasa jozi imeendaje hapo?"

Nikababaika. Nikajibu kitu kirefu kuhusu mchapuko (jinsi kasi inavyobadilika), kirefu kiasi kwamba hakuna aliyekielewa, mimi mwenyewe nikiwemo. Binti akasema asante, kwa adabu ile ya mtu asiyeridhika. Mwalimu alikuwa amekaa pembeni na daftari lake, hakufungua mdomo.

Kwenye kikao chetu nilitegemea anipe jibu. Akanisogezea karatasi tu. "Chora tena ule mchoro wako." Nikachora. Akautazama kidogo, akauliza: "Dunia iko wapi?"

Haikuwepo. Nilikuwa nimechora uzito bila kuchora kinachovuta. Nilipoiweka dunia, mambo yakajipanga yenyewe. Dunia inavuta kitabu chini, na kitabu kinaivuta dunia juu: hiyo ni jozi moja. Meza inasukuma kitabu juu, na kitabu kinaisukuma meza chini: hiyo ni ya pili. Kani za jozi moja haziwezi kukaa kwenye kitu kimoja. Uzito na msukumo wa meza vilikuwa sawa kwa sababu tu kitabu kimetulia, na hiyo ni habari ya kanuni nyingine kabisa. Lifti ikianza kupanda, usawa huo unavunjika, lakini jozi zote mbili zinabaki salama. Nilikuwa nimefaulu mtihani mzima bila kujua hilo.

Wiki iliyofuata nilianza kwa kuwaambia: "Wiki jana niliwapotosha." Nilidhani heshima ndiyo basi tena. Kilichotokea ni kwamba mikono ilianza kunyooshwa, hata ya wale niliodhani ni mabubu. Kuanzia hapo nikaweka daftari la makosa, ya kwangu na ya kwao, na kila kikao na Mwalimu kilianzia humo.

Kilichonishinda kwa muda mrefu zaidi ni kunyamaza. Mwalimu aliandika kwenye daftari lake maneno ya wanafunzi tu, yangu aliyaacha. Siku moja akanionyesha ukurasa wa semina nzima: mistari sita. Muda mwingine wote nilikuwa naongea mimi. Akanisimulia juu ya Mary Budd Rowe, mtafiti wa Marekani aliyechunguza ufundishaji wa sayansi miaka ya 1970 na kukuta walimu wakiuliza swali husubiri kama sekunde 1 tu. Wakivuta hadi sekunde 3, majibu yanarefuka na kimya cha kutojibu kinapungua. Sekunde 3 zinasikika chache mpaka uwe umesimama mbele za watu wanaokutazama. Nilizihesabu kwa vidole vya miguu, ndani ya kiatu.

Kwenye mhadhara tulitumia mtindo alioanza kuutumia Eric Mazur, mhadhiri wa fizikia, pale Chuo Kikuu cha Harvard, Marekani, mwaka 1991: swali, kila mtu anachagua jibu, anabishana na jirani, kisha wanachagua tena. Kazi yangu ilikuwa kusikiliza mabishano. Humo nilimsikia kijana akimwambia mwenzake, "Meza haina habari na dunia, yenyewe inasukumana na kitabu tu." Maelezo yangu yote ya wiki mbili hayakufikia sentensi hiyo. Nimeiiba, naitumia mpaka leo.

Usahihishaji sikuupenda. Rafiki tunayelala naye chumba kimoja alianza kuulizia alama za mdogo wake kabla hazijatoka. Nilimweleza Mwalimu mapema, tukaafikiana nisiguse karatasi ya mtu ninayemfahamu, na zote zije kwa namba bila majina. Mtihani wa mwisho alisahihisha mwenyewe. Kuhusu muda, tuliandikiana saa 6 kwa wiki, nikajikuta kwenye 10, na alama zangu za jaribio la sumaku-umeme zikaanguka vibaya. Nilichelewa kusema, nikiogopa kuonekana mvivu. Nilipomwambia, alipunguza mazoezi ya kusahihisha palepale. Nawajua wasaidizi wengine waliopewa marundo ya karatasi na wasiwahi kukaa na mhadhiri hata mara moja. Hao walipata uchovu tu.

Muhula ulipokaribia kwisha nilipewa dakika 20 za mhadhara wenyewe, ukumbi umejaa. Niliuliza swali moja, nikahesabu vidole, na dakika 15 waliongea wao.

Yule binti wa lifti ameomba nafasi yangu kwa mwaka unaokuja. Juzi nilimkabidhi daftari. Ukurasa wa kwanza una mchoro wa kitabu na meza, na chini yake, kwa kalamu nyekundu, duara kubwa nililoongeza baadaye.

"Hii ndiyo dunia?" aliuliza.

Nikaanza kuhesabu.