Friji Juu ya Kamba

Vyumba vya nyumba zetu za mawe Lamu ni virefu na vyembamba, na sababu yake ni boriti. Dari ya chokaa na matumbawe ni nzito, mti wa mkoko una kikomo chake, na mafundi wa zamani hawakutanua chumba kupita pale boriti itakapohimili. Msana wa chini, yaani ule ukumbi mrefu, katika nyumba ya mama haufiki mita 3 kwa upana. Makochi tuliyonunua Dubai, yale ya kukunja kona, yalizidi hapo kwa upande mmoja tu. Aliyeyachagua ni mume wangu. Naliandika hili makusudi.

Tulirudi Novemba 2019. Nilikuwa nimeondoka 2006, bibi harusi ambaye hina haijafutika vizuri, na tukapanga Deira, Dubai, karibu na ule mkono wa bahari wanaouita Khor. Mpaka leo majahazi ya mbao hufunga pale yakiwa yamepakia matairi na mafriji, na enzi zetu kwa dirham 1 abra, mashua ndogo ya abiria, ilikuvusha hadi Bur Dubai, ng'ambo ya pili. Siku za mwanzo nilikuwa navuka na kurudi bila shughuli yoyote, nikitafuta harufu ya maji ya chumvi na dizeli tu.

Ghuba si mahali pa kuzeekea kwa watu kama sisi. Ukaazi wako umefungwa kwenye kazi. Kazi ikiisha na viza inafutwa, hata kama umemaliza ujana wako wote pale. Wanangu wawili wamezaliwa Dubai na vyeti vya kuzaliwa wanavyo, lakini pasipoti zao ni za Kenya, kwa mgongo wa wazazi wao. Kampuni ilipopunguza watu, jina la mume wangu likawamo. Yeye akabaki nyuma kufuatilia haki zake. Mimi nikatangulia na watoto pamoja na karatasi za mizigo.

Kutoa mizigo bandarini Mombasa ni hadithi ndefu na haina utamu, kwa hiyo naifupisha. Mtu anayerudi nyumbani moja kwa moja husamehewa ushuru wa vyombo vyake alivyokwisha kuvitumia, mradi alikaa nje si chini ya miaka 2, na ajenti akataka pasipoti zangu zote, mpaka ile iliyokwisha muda, ahesabu mihuri. Kisha vyombo vikapanda lori: Kilifi, Malindi, Garsen, Witu, hadi Mokowe. Hapo lori linageuza. Kilichobaki ni maji, na ng'ambo ya maji kuna mji ambao njia zake zilipimwa kwa punda.

Navyo vikafika wiki ya Maulidi! Anayeijua Lamu ananielewa. Watu wanamiminika Riyadha, kwenye msikiti wa Habib Swaleh, kutoka Pate na Siyu, Tanga, Unguja, hadi Ngazija. Kila nyumba ina wageni waliolala mpaka darini. Vijana ambao siku nyingine ungewakuta gatini wakingoja mzigo walikuwa wameshughulika na mbio za punda, na punda wenye nguvu walikuwa wanapumzishwa kwa ajili ya hizo mbio. Nilipata hamali wanne kwa kubembeleza, na bei yao ilikuwa ya Maulidi.

Walipomaliza kuteremsha kutoka kwenye jahazi wakataka nusu ya pesa. Nikafungua pochi. Nilikuwa na noti za elfu moja moja nilizoziweka tangu likizo ya mwisho, zimekunjwa vizuri, akiba ya kuanzia maisha. Hamali mkubwa akaishika moja, akaigeuza, akamwonyesha mwenzake.

"Mama, hizi zimekufa."

Kumbe kweli. Serikali ilileta noti mpya mwezi wa Juni mwaka ule, na zile za zamani za elfu zikakoma mwisho wa Septemba. Mwenzake akasema tuzipeleke ngomeni, makumbusho yako mle ndani, huenda wakazinunua. Wote wakacheka, na mwanangu wa kiume akacheka nao.

"Basi tuma kwa M-Pesa."

M-Pesa ilianza 2007. Mimi nilikuwa nimeshavuka. Kila nilipokuja likizo, mdogo wangu ndiye alikuwa akilipa kwa simu yake, nami namrudishia mkononi. Siku ile pia alilipa yeye, hapo hapo gatini, huku ushungi wake unapeperushwa na upepo na dole gumba linakwenda mbio kwenye simu. Hakusema neno. Nilimwona tu akisogeza midomo, anahesabu.

Mkokoteni ukaenda vizuri barabara ya pwani. Taabu ilianza tulipoingia uchochoroni. Kuna wikio moja kabla ya kufika kwetu, chumba kilichojengwa juu ya njia kuunganisha nyumba mbili za dada wawili wa zamani, na chini yake friji ililazimika kulazwa ubavu, jambo ambalo muuzaji wa Deira alinionya kwa kidole nisilifanye kamwe. Mlangoni tulifungua mbao zote mbili, mfaa, ule mti wa katikati ya mlango, ukatoka, friji ikapita kwenye daka kama bibi harusi anayeingizwa ndani, ikafika tekani, ukumbi mdogo wa kuingilia ndani. Pale ndipo ngazi zinapoanza kupanda, zinapinda mara mbili, na hata godoro nene hupita kwa shida.

Lazima nieleze kwa nini friji ilikuwa inakwenda juu. Lamu mtoto wa kike akiolewa, baba mwenye uwezo humpa nyumba, au sehemu ya nyumba, asije akakosa pa kurudi. Mimi baba alinipa ghorofa ya juu, mbele ya mashahidi. Nilijua kuna mpangaji, muuguzi kutoka bara na mkewe. Nilidhani wameshatoka, maana nilipiga simu Ramadhani nikasema narudi.

Fundi mmoja aliyekuwa akipita akashauri tutanue dirisha la juu, mawe machache tu. Mjomba wangu, aliyekuwa barazani upande wa pili na kikombe chake cha kahawa, akamwambia aende zake. Tangu mji uingizwe kwenye Urithi wa Dunia mwaka 2001, ukuta wa mjini hauguswi ovyo. Watu wa makumbusho watafika kabla vumbi halijatua. Basi hamali wawili wakapanda hadi juu kabisa na kamba za jahazi, wakaziteremsha uchochoroni, wawili wa chini wakaifunga friji msalaba, na kazi ikaanza. Haya! Haya! Ikanyanyuka. Ikafika usawa wa vichwa vyetu, ikapanda zaidi, inazunguka polepole, mara mlango wake, mara mgongo wenye waya mweusi. Punda wa mchanga wakasimama upande mmoja, punda wa maji upande mwingine, na wenyewe wakaanza kupiga kelele za njia. Binti yangu alikuwa anarekodi kwa simu.

Dirisha la ghorofa likafunguka. Mke wa muuguzi akachungulia, mtoto begani.

"Mama, hiyo inakuja huku kwetu?"

Hamali wakanitazama mimi. Mimi nikamtazama mdogo wangu.

"Mwambie," nikasema.

"Nimwambie nini, dada?"

"Kwamba nimerudi."

"Ulisema unarudi Ramadhani hii. Ukasema Ramadhani iliyopita. Na ile ya nyuma yake. Ningewatoa mara ngapi?"

"Ghorofa ni yangu. Baba alinipa mbele ya watu."

"Ni yako, dada. Nani kasema si yako?"

Aliniita dada mpaka mwisho, kila sentensi. Mtu wa nje angedhani tunaamkiana. Mimi nikasema niliyoyasema, yeye akasema aliyoyasema, na nusu ya mtaa wakapata ya kuzungumza baada ya Maulidi. Aliyetukata ni mjomba, bila kuinuka barazani.

"Shusheni hicho chombo kwanza. Watu hawagombani chini ya friji."

Ikashuka. Ikawekwa tekani, karibu na ngazi. Makochi hayakufunguliwa hata plastiki. Yalikwenda Shela, kwa mwenye nyumba ya wageni, kwa bei ambayo mume wangu hajaambiwa mpaka leo.

Usiku wanaume walikuwa Riyadha na sauti ya matari ilikuwa inatufikia mpaka ndani. Watoto walikuwa wamelala kwenye mkeka. Mdogo wangu akaja na daftari la shule, pembe zimeliwa, akalifungua mbele yangu juu ya kitanda cha mama. Ukurasa wa kushoto aliuandika "Pesa za dada", tarehe na kiasi, hakuna nililotuma lililosahauliwa. Wa kulia matumizi: chokaa, boriti mpya za ndani baada ya mchwa, fundi, fundi tena, boti, karo ya madrasa ya watoto wa kaka yetu, dawa ya sukari, dawa ya sukari, dawa ya sukari. Kodi ya ghorofa ya juu ilikuwa na mstari wake kila mwezi, na mshale wa kalamu nyekundu ukitoka hapo kwenda kwenye dawa.

Lakini kulikuwa na mistari mingine ambayo nilirudi kuisoma. "Kulala hospitali na mama." "Kumpeleka mama Malindi, macho." "Kulala hospitali." Kwenye safu ya pesa alikuwa ameweka kistari tu.

Mimi pia nilikuwa na daftari langu, ingawa halikuandikwa. Zamu za usiku za mume wangu. Kodi ya Deira iliyokuwa ikimeza mshahara kabla haujapoa. Miezi tuliyokula dengu ili za nyumbani zisichelewe, nami kwenye simu nasema alhamdulillahi, mambo mazuri. Nilikuwa na hamu kubwa ya kumsomea na yeye mstari kwa mstari, na nadhani ningekuwa na haki. Lakini mjomba aliingia, akavua viatu, akaketi, akaomba daftari. Alilisoma kwa muda, miwani kwenye ncha ya pua.

Akasema mpangaji ana makubaliano mpaka mwezi wa Mei, na mtu hatolewi kwenye makubaliano kwa sababu mwenye nyumba amekumbuka nyumbani. Mpaka hapo mimi na wanangu tutalala na mama. Baada ya hapo ghorofa ni yangu kama baba alivyosema, na yale yaliyokuwa yakilipwa na ghorofa yatakuwa yangu pia.

"Umekubali?" akaniuliza.

"Nimekubali."

Mdogo wangu akachukua kalamu, akaandika, akanigeuzia daftari niweke sahihi. Nikaweka. Nilidhani atatabasamu, au atalia, maana mimi nilikuwa karibu na kulia. Yeye alikwenda kwenye kidaka cha ukutani, akarudi na mfuko wa dawa, akaumwaga kitandani.

"Hizi asubuhi na jioni, akishakula. Bila chakula zinamkata tumbo. Asubuhi anataka uji wa wimbi, wa mahindi hanywi, atakwambia ameshiba. Akikwambia ameshameza, mwambie afungue mdomo. Juzi nimeziokota chini ya mkeka. Na chai ya sukari usimpe hata akilia, wakija majirani ndio anaomba, kwa sababu anajua utaona haya kumkatalia mbele za watu."

"Nawasikia mimi," mama akasema, bila kufungua macho.

"Nataka usikie," mdogo wangu akamjibu, akaendelea na zile za presha.