Hukuuona au haukuonekana

Mage kafanyiwa sendoff, tumehamia Goba, na mimi bado nimesimama pale pale, Jumanne asubuhi, dirisha la maabara.

Mama mmoja mtu mzima alikuja kuchukua vitalu vya nta vyenye nyama iliyokatwa puani mwa bintiye, vipelekwe kupimwa PAX3, jeni inayovurugika kwenye uvimbe wa aina yake. Nikamwamkia, akaitika marahaba. Kisha akatoa majibu mawili kwenye mfuko wa rambo, ya 2023 na ya mwezi huu, akayalaza sambamba. Yote yana saini yangu.

"Hii inasema nyama za pua. Hii inasema sakoma, saratani. Mwanangu, uvimbe huu hukuuona au haukuonekana?"

"Haukuonekana, mama."

Haraka hiyo! Kama muuza duka anayekana chenji.

Jioni nikaichimbua slaidi ya zamani. Vipande vitatu, kila kimoja kama punje ya mchele, utando uliovimba mtupu. Ila pembeni mwa kile cha tatu, chini ya utando, kuna seli nyembamba zimepangana kama miba ya samaki. Nilizipita nikidhani kovu.

Hukuuona, basi.

Nimejitetea sana kitandani. Uvimbe huu, sakoma ya pua yenye sura ya neva na ya misuli, ulielezwa mara ya kwanza 2012, na madaktari wa Mayo Clinic, Marekani, kwa wagonjwa 28 tu. WHO wakauingiza kwenye orodha yao 2017. Chuoni hakuna aliyetufundisha. Sawa, lakini 2023 si 2012.

Kinachonitia aibu zaidi ni siku zilipotoka rangi za kingamwili, zile zinazoonyesha seli ni za aina gani. S100 ya neva imekubali, aktini ya misuli imekubali, SOX10, alama nyingine ya neva, imekataa kabisa, kwa hiyo si shwanoma, uvimbe wa ala ya neva. Sura mbili ndani ya uvimbe mmoja! Nilipiga makofi. Nikamwita Dokta F., "Njoo uone kitu hujawahi kukiona!" Nina picha nyingi za slaidi ile kuliko za Mage. Na nikiwa mkweli, nikizifungua bado nafurahi.

Ningeweza kumwambia yule mama kwamba uvimbe huu unakua polepole, kwamba ni nadra kusambaa mwilini, kwamba shida yake ni kurudi pale pale ulipokatwa. Sikumwambia. Alisaini daftari herufi moja moja, akavifunga vitalu kwenye pindo la kanga, akashuka ngazi.

Vitalu anavirudisha mwezi ujao. Sijui nitakuwa zamu.

Halafu luku ya nyumba mpya: yuniti 30 zimeisha kwa siku mbili, na friji bado iko kwenye boksi.